Aliyesamehewa Kurudia

Fundi wa makochi alimjua kwanza kama mteja asiyejua kununua. Aliingia kwenye karakana yake mchana wa jua kali, shati jeupe limepigwa pasi, kitambulisho kinaning'inia kifuani, anakokota kiti cha ofisini cha kuzunguka kilichobakiwa na magurudumu matatu. Sponji ilikuwa imechomoza kwenye mshono kama ulimi. Fundi alikizungusha kiti, akakibonyeza, akasikitika kwa sauti kama inavyopasa, kisha akataja bei. Aliitaja ikiwa juu makusudi, akakaa mkao wa kungoja mteja ashike kichwa, acheke, atishie kuondoka, afike mlangoni, aitwe arudi.

Mteja hakushika kichwa. "Sawa. Sponji mpya, kitambaa cheusi, magurudumu mawili. Ijumaa mchana nakuja kuchukua. Rudia."

"Nirudie nini, dada?"

"Nilichokwambia."

Fundi alicheka, akaona mwenzake hacheki, akarudia. Akasema kitambaa cha bluu. Akasahihishwa. Akarudia tena mpaka akapata, kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya ubao.

"Lakini dada, ile bei mbona hujaigusa? Mimi niliipandisha ili uishushe. Sasa umeniacha nayo kule juu, nitashukaje?"

"Umetaja, nimesikia, nimekubali. Kuna jingine?"

"Hakuna. Ila biashara hii haina raha. Kwani ofisi yenu haina hela mpaka ulipe mwenyewe?"

"Ofisi ina fomu. Nilianza kuzijaza kiti kikiwa na magurudumu manne."

Fundi alipokea pesa bila aibu, kwa sababu hakuna aliyemlazimisha mtu. Lakini jioni alimwambia mkewe kwamba leo ameona mwanamke ambaye hana wa kubishana naye nyumbani. Mwenye watu wake, alisema, huwa ana mazoezi.

Hakukosea. Mwanamke yule aliishi chumba na sebule juu ya duka la dawa. Yeye na mumewe walikuwa wameachana zamani, bila kelele na bila mtoto, wakagawana vyombo hadi vijiko. Ndugu aliyemwona mara kwa mara alikuwa mdogo wake wa kike, mwenye mume na nyumba iliyojaa watoto upande wa pili wa mji. Jumapili alikwenda huko. Watoto wakimwona getini walipiga kelele, "Mama Mkubwa Rudia amekuja!" Kwa maana hakuwahi kumtuma mtoto dukani bila kumsimamisha kwanza.

"Chumvi, kiberiti, chenji mkononi. Rudia."

"Dada, hawa ni watoto, si ndege," mdogo wake alimwambia akikatakata vitunguu.

"Ndege ni nafuu. Ndege haipiti mbele ya kabati la pipi."

Kazi ndiyo iliyomfanya hivyo. Alikuwa mwongoza ndege. Kiwanja chao kilikuwa kidogo, bila rada. Ndege ikiwa karibu aliiona kwa darubini. Ikiwa mbali au mawinguni aliijua kwa sauti tu. Rubani anasema yuko wapi na futi ngapi, yeye anaandika kwenye kikaratasi chembamba, anakipanga ubaoni, aliye juu anakaa juu, aliye chini anakaa chini. Akimpa rubani maelekezo, rubani lazima ayataje yote upya, neno kwa neno. Mpaka hapo, maelekezo hayajafika popote. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza, na alikuwa ameishika kama mkoba wenye pesa ya kodi.

Chumba cha mnarani kilikuwa cha vioo pande zote, unakifikia kwa ngazi ya chuma inayotoa mlio kila ukikanyaga. Ndani kulikuwa na redio, birika la umeme, ubao wa vikaratasi na kiti. Zamani vilikuwa viti viwili. Mwenzake wa zamu ya mchana alistaafu, kiti chake kikashushwa ofisini kwa mhasibu, na nafasi yake ikawa "inashughulikiwa." Ilishughulikiwa mpaka watu wakasahau kuwa ilikuwepo. Kuanzia adhuhuri hadi magharibi alikaa juu kule peke yake, akizungumza na watu wasiomwona, kwa maneno yaliyopangwa na wengine, yasiyo na habari za asubuhi wala poleni na safari.

Kati ya hao wasiomwona alikuwepo mmoja.

Alirusha ndege ya mizigo, kuukuu, ya mapangaboi mawili, iliyoleta vifaranga, matairi na maboksi ya dawa karibu kila mchana. Rubani huyu hakupenda kurudia. Ukimpa maelekezo alibonyeza kitufe cha maikrofoni yake mara mbili bila kusema neno, na redioni zikasikika: tik, tiiik. Ya kwanza fupi, ya pili imeshikiliwa kidogo. Watu wa kiwanjani walimwita Tikitiki.

Mwanzoni mwanamke alimkatalia. "Mizigo, rudia." Sauti nzito, ya uvivu, ikarudia. Kesho yake tik, tiiik, "Mizigo, rudia", ikarudia. Wakavutana hivyo muda mrefu, na kwa kweli ndiyo mabishano pekee aliyokuwa nayo kwa wiki. Halafu akashikwa na mafua. Koo limekauka, kila neno linakwaruza, na Tikitiki akabonyeza tik zake mbili. Akaona kumbishia siku hiyo ni kujitesa. Akaziacha zikapita. Baada ya kutua, ndege ikiwa inaelekea kwenye maegesho, redio ikatoa tena tik, tiiik, ambayo haikujibu kitu chochote. Akaichukua kuwa ni pole.

Tangu hapo hakumwambia arudie. Watoto walirudia, fundi alirudia, marubani wenye tepe mabegani walirudia. Tikitiki alisamehewa. Na kila mchana ndege ya mizigo ilipoita, mwanamke alijikuta amekaa wima zaidi kwenye kiti chake kipya cheusi. Nyumbani, alipozima taa ya jikoni na swichi ikatoa mlio wake mmoja, alibaki amesimama kidogo kizani, kama mtu aliyepewa chenji nusu.

Siku yenyewe mawingu yalikuwa mazito na ya chini. Ndege ya mizigo ilikuwa inakuja, na alikwisha kuiruhusu kushuka hadi futi elfu sita. Wakati huohuo ndege ya abiria ikaruka kuelekea kulekule ilikotoka ya mizigo. Akaipa futi elfu saba, isizidi hapo. Rubani wake, mwanamke kijana mwenye sauti ya haraka, akarudia vizuri. Sasa ikabidi ya mizigo izuiwe juu yake. Mambo ya kawaida. Aliyafanya kila wiki.

Kosa lilikuwa katika pumzi. Badala ya kusema na mmoja, akangoja, ndipo aseme na wa pili, alisema na wote wawili kwa mkupuo: "Mizigo, usishuke chini ya elfu nane. Abiria, mizigo iko juu yako, iangalie."

Redio ikatoa tik, tik.

Akachukua kalamu, akafuta elfu sita kwenye kikaratasi cha mizigo, akaandika elfu nane, akamimina maji ya moto kwenye kikombe.

Hakikupita kitambo sauti ya haraka ikaingia ikiwa imepasuka. "Mnara! Kuna ndege mbele yetu! Napinda kulia, napinda..." Kisha kimya.

Alisimama. Nje ya vioo kulikuwa na wingu la kijivu na kamba ya bendera inayogonga mlingoti. Huko juu kulikuwa na watu wengi, na yeye hakuweza kuona hata mmoja.

"Mizigo, uko futi ngapi?"

Sauti nzito, ile ambayo hakuwa ameisikia kwa muda mrefu, ikajibu kwa maneno kamili. "Elfu sita na mia tano, nashuka kwenda elfu sita kama ulivyosema. Mnara, kuna kitu kimepita ubavuni kwangu sasa hivi. Nimeona madirisha. Nimeona watu kwenye madirisha."

Mwanamke alishika ukingo wa meza. Aliita ndege ya abiria. Hakuna. Akaita tena. Ilipojibu, rubani alikuwa akihema; wote wazima, mhudumu mmoja ameumia mkono kwa kuanguka, wanarudi. Aliwashusha mmoja baada ya mwingine, akimtaka kila mmoja arudie kila neno, na Tikitiki alirudia kila neno. Magurudumu ya ndege ya pili yalipogusa lami alikaa. Chai ilikuwa kwenye kikombe vilevile, bado ya moto.

Kesho yake mkuu wa mnara alimwita ofisini, akafunga mlango. Alikuwa mtu wa tai fupi na hesabu ndefu, na hakupoteza muda.

"Kila kilichosemwa redioni kimerekodiwa, nimesikiliza. Wewe umetoa maelekezo sahihi. Tik-tik zimejibu. Kila mtu hapa hadi mfagiaji anajua tik-tik ni za nani. Mbele ya kamati ya uchunguzi utasema rubani alikubali elfu nane halafu akashuka. Wewe utapata karipio kwa kutomtaka arudie, na Jumatatu uko kwenye kiti chako."

"Na yeye?"

"Mzee yule amebakiza kidogo astaafu. Atastaafu mapema. Hakuna atakayelala njaa."

"Bosi, ile ya pili ni fupi."

"Ipi?"

"Tik ya pili. Ya kwake huwa ndefu. Hizi zote fupi. Si yeye."

Mkuu alivua miwani. "Nani mwingine anaweza kutofautisha?"

"Hakuna."

"Basi. Kama hakuna, hakuna." Akavaa miwani. "Na ujue upande wa pili wa mzani. Ukisema si yeye, maana yake ulipokea jibu bila kujua limetoka kwa nani. Huko juu hupandi tena. Wewe bila mnara utafanya nini? Una nini kingine?"

Swali la mwisho hakuliuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua bei. Na mwanamke, aliyekuwa hajui kupunguza bei, aliinuka akatoka.

Jumamosi, mtu alibisha mlango wa sebuleni kwake. Mlangoni alisimama mzee mfupi, mnene kiasi, fulana imembana tumboni, mfuko wa karanga mkononi. Alipofungua mdomo tu, mwanamke alirudi hatua nyuma. Sauti ilikuwa ileile, imewekwa kwenye mwili wa mtu mwingine.

"Samahani mama, nimeelekezwa hapa. Mimi ni yule wa mizigo."

Alimkaribisha. Mzee alikaa na maneno yakaanza kumwagika. Alizungumzia ngazi za jengo, goti lake, mkwe wake, bei ya matairi. Huyu ndiye aliyekuwa mtu wa ukimya wake! Mwanamke alikaa ameshika trei, akingoja nafasi kama anayetaka kuvuka barabara.

"Mimi ile elfu nane sikuisikia, mama," mzee alifika mwishowe. "Haki ya Mungu. Nilikuwa redio ya pili, naongea na ofisi yetu. Lori la kupokea vifaranga limekufa njiani, na vifaranga vikikaa juani vinakwisha. Nikirudi redio yako, kimya. Nikajua hakuna jipya. Sasa nasikia mnasema nilibonyeza. Sikubonyeza. Lakini nani ataniamini, na jina lenyewe ndilo hilo? Nakuomba unisaidie. Wewe ndiye uliyekuwa zamu siku ile, sivyo?"

"Nilikuwa mimi. Kila mchana ni mimi."

"Kila mchana?" Mzee aliacha kumenya karanga. "Peke yako? Mimi nilijua mko watatu, wanne. Kwenye redio sauti zenu zote moja."

Mwanamke aliweka trei chini. "Kwa nini ulikuwa hutaki kurudia?"

"Ah!" Mzee alicheka, akainua mfuko. "Mkono mmoja usukani, mkono mmoja karanga, mdomo umejaa. Nitarudia na nini?"

"Na ile siku ya mafua? Ulishatua, ukabonyeza tena. Hakukuwa na cha kujibu."

"Mafua ya nani?" aliuliza mzee, kwa adabu kabisa.

Alipoondoka aliacha karanga mezani kama zawadi. Mwanamke alikusanya maganda, akafuta meza, akakaa. Kwa hesabu ya kawaida, mchezo ulikuwa umekwisha: mzee yule hakuwa na deni lolote kwake, na wala yeye hakuwa na sababu ya kumlipia. Angeweza kumuuza mchana kweupe na asikose usingizi. Akampigia mdogo wake simu.

"Muuze," alisema mdogo wake baada ya kusikia yote. "Dada, mtu hakujui hata kama upo! Kiti ni chako au chake?"

"Changu. Nimekilipia."

"Haya sasa."

"Lakini kuna mtu alibonyeza," alisema mwanamke. "Si yeye, si mimi. Huyo mtu kesho anaruka, na akiambiwa kitu atabonyeza tena. Mzee akiondolewa watasema ugonjwa umeondoka. Rudia."

"Sirudii chochote, mimi si rubani wako," alisema mdogo wake. "Njoo ulale huku leo. Watoto watakupisha kitanda."

Hakwenda.

Kamati ilikaa kwenye ukumbi mdogo wenye feni moja. Walicheza rekodi. Elfu nane, iangalie, tik, tik. Watu waliangaliana, na mmoja wao akaanza kuandika kabla hajaulizwa mtu. Mzee wa mizigo alikuwa amekaa ukutani, ameshika kofia yake, hana karanga. Mkuu wa mnara alimtazama mwanamke na kutikisa kichwa kidogo kumkubalia, kama muuzaji anayekupa nafasi ya mwisho.

"Hizo si zake," alisema mwanamke. "Ya kwake ya pili huishikilia. Tafuteni rekodi za nyuma, mchana wowote, msikilize. Nilipokea jibu nisilojua limetoka wapi. Na nilikuwa nimezoea kupokea."

"Siku ile ulisikia kuwa zinatofautiana?" mwenyekiti aliuliza.

Alifikiri. Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, na aliuona. "Nilisikia. Nikajiambia leo ana haraka."

Ndipo rubani wa ndege ya abiria, yule kijana, akainua mkono akiwa amekaa. Bila rekodi ile kubishiwa, pengine asingeinua.

"Nadhani ni mimi," alisema. "Niliambiwa niangalie mizigo, nikabonyeza kuonyesha nimesikia. Nilijua hapa kwenu ndivyo. Kila nikipita namsikia mzee anabonyeza, na mnara unakubali."

Mzee wa mizigo alimgeukia mwongoza ndege wake, akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayetafuta kukumbuka sura. Mkuu wa mnara alikuwa anatazama saa yake.

Mambo yaligawanywa hivi. Rubani kijana alipewa karipio, na akaendelea kuruka. Mzee alibaki na leseni yake hadi kustaafu, kwa sharti la kurudia kila neno, mdomo mtupu. Ilikatazwa kubonyeza badala ya kusema. Mwongoza ndege aliondolewa mnarani, akapewa meza chini, kwenye chumba kando ya korido, awafundishe wageni wa kazi. Na kamati ikaamuru kwamba mtu asikae tena juu kule peke yake. Mchana wawe wawili. Nafasi iliyoshughulikiwa miaka yote ikapata mtu ndani ya mwezi huohuo.

Aliyefaidika waziwazi alikuwa fundi wa makochi, maana mnara ulihitaji kiti cha pili, na safari hii ofisi ililipa. Aliyetumwa kukiagiza alikuwa yuleyule mteja. Aliingia na shati jeupe, akaeleza anachotaka. Fundi akapandisha bei kama desturi yake.

"Hapana," alisema mwanamke. "Ile ya mwanzo ilikuwa juu, ulisema mwenyewe. Anza chini ya hapo."

"Alaa!" Fundi alisugua viganja. "Umeshapata wa kubishana naye?"

"Nina wanafunzi."

Walivutana vizuri. Aligeuka, akafika mlangoni, akaitwa. Fundi alipoteza kidogo kwenye bei na hakujutia. Alimuuliza kuhusu kile kiti cheusi, chake mwenyewe, kama amekishusha akakae nacho chini.

"Kimebaki juu," alisema. "Anakikalia binti mpya. Ndicho chenye sponji nzuri."

Korido ya chini ina spika kuukuu ukutani, iliyowekwa ili wa chini wajue kinachoendelea juu. Mchana, akiwa katikati ya somo, wanafunzi wakiwa wameshika kalamu, ndege ya mizigo huita. Binti wa juu hutoa maelekezo. Sauti nzito huyarudia yote, neno kwa neno, bila haraka, sawasawa kabisa na rubani mwingine yeyote. Mwalimu hungoja imalize. Kisha huwaambia wanafunzi mmoja wao arudie alichosikia, na huendelea.